Cherehani Inauzwa, Fika Mwenyewe

Mjukuu wangu anauza vitu kwenye simu. Anapiga picha kitanda, anapiga picha jiko, anaandika bei, halafu anakaa kusubiri na hasira zake. Juzi nilimkuta anafoka peke yake sebuleni. "Bibi, mtu ananiuliza 'bado ipo?' Namjibu ipo. Kimya! Wiki nzima kimya! Hivi hawa watu wamelelewa kweli?" Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, wewe una bahati, mnunuzi wako mwongo anaishia hukohuko kwenye simu. Wa kwangu walikuwa wanaingia ndani, wanavuta kiti, wanakula na kushiba.

Akataka nimsimulie. Nilimsimulia nusu, ile ya kuchekesha. Hii hapa ni yote.

Miaka ya themanini nilikuwa fundi cherehani hapa Bugene. Nguo zilikuwa za shida wakati ule. Mtu akibahatika kupata kitambaa dukani, baada ya kupanga foleni tangu jogoo la kwanza, ananiletea kwa mikono miwili na kuniomba nisikate vibaya. Nilishona magauni ya harusi, nilishona ya kipaimara, na watu walinisalimia kwa heshima njiani. Ikaingia mitumba. Marobota yalipoanza kufunguliwa sokoni Kayanga, wateja wangu walihamia huko wote, hata kuniaga hawakuniaga. Cherehani nikaifunika shuka, nikarudi kwenye migomba.

Baba wa watoto alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilibaki na kibanja, yaani ile nyumba na shamba la migomba na kahawa linaloizunguka, na binti yangu wa mwisho. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, binti akafaulu kwenda sekondari ya bweni, mbali kule upande wa Bukoba. Msichana peke yake katika darasa lake! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba.

Halafu tukasoma barua yenyewe. Ada ya muhula. Godoro, blanketi, ndoo, sanduku la bati, viatu vyeusi. Chini kabisa walikuwa wamepiga mstari: asiyeripoti Jumatatu ya siku fulani, nafasi yake atapewa mwingine. Ilikuwa Januari, kahawa mtini bado ya kijani, na ndugu zangu kila mmoja alikuwa na wake wa kusomesha. Nilizungusha macho nyumbani nikitafuta kitu cha thamani. Kilikuwa kimoja tu, kimefunikwa shuka.

Tangazo la siku zile lilikuwa kazi ya mikono. Nilichana karatasi mbili za daftari, nikaandika kwa herufi kubwa: CHEREHANI YA MIGUU INAUZWA. NZIMA. FIKA MWENYEWE. Nikaongeza jina la kitongoji chetu. Moja nililibandika kwa uji mzito kwenye mlango wa duka, jingine kwenye ukuta wa ghala la kahawa. Bei sikuandika. Kwetu bei haiandikwi ukutani. Ni kumfukuza mtu kabla hajabisha hodi. Jumapili mwinjilisti naye akalisoma baada ya ibada, katikati ya zoezi la kwaya na mbuzi wa mtu aliyepotea.

Siku mbili hazijapita, tangazo langu lilikuwa limeshajaa maandishi ya penseli. "Ni ya mwaka gani?" "Mwisho ngapi?" Mwingine akaandika, "Mimi ninazo mbili," akaishia hapo, mpaka leo sijajua alitaka nipige makofi au vipi. Lakini walikuja. Loo, walikuja!

Sasa uelewe desturi yetu. Mtu akifika kwako, hata kama anakuja kununua, kwanza ni mgeni. Humuulizi shida yake mlangoni, ni aibu. Anakaa, unamletea kahawa ya kutafuna, mnaulizana habari za nyumbani, za mvua, za wagonjwa. Ikiwa ni saa ya chakula anakula. Kama kuna rubisi, pombe yetu ya ndizi, anakunywa. Ndipo anakohoa kidogo na kusema, "Nimesikia una kitu." Na yeye naye ana adabu yake: haruhusiwi kusema "sitaki". Anasema "nitarudi". Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mimi nilikuwa namaliza mikungu na kupona sijapona.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Muleba aliyehamia kwetu. Alikula vizuri, akasifu ndizi, akauliza kama anaweza kujaribu mashine. Jaribu, mama. Akafungua mfuko wake akatoa kitambaa, akakipinda na kukishona upande mmoja. Akashona upande wa pili. Akatoa kingine. Nikadhani ni mtu makini, anataka kuhakikisha. Ilipofika saa kumi nikagundua kwamba mama huyu ameshona mapazia ya nyumba nzima, tena kwa uzi wangu! Akasimama, akajinyoosha mgongo. "Mashine nzuri sana, haikati uzi. Ngoja nikamwambie mzee." Jumapili nilipita kwake makusudi. Mapazia yalikuwa dirishani, yamenyooka, kazi safi kabisa.

Wa pili alikuwa mzee wa kanisani kwetu. Alikuja Jumapili tatu mfululizo. Anakaa, anatafuna kahawa, anakunywa rubisi, kisha anaomba shuka litolewe. Anazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, anatega sikio, anatikisa kichwa. "Hiki ni chuma cha zamani." Halafu huyoo, anakwenda zake. Jumapili ya tatu uvumilivu ukanishinda, nikamuuliza waziwazi, "Shikamoo mzee, lakini unanunua?" Akashtuka. "Mimi? Mimi nyumbani sina mtu wa kushona." Sasa anafuata nini, jamani? Akanijibu kwa upole kabisa kwamba amekuja kuniunga mkono, maana kitu cha kuuzwa kisipotazamwa na watu kinapata mkosi. Nikamjazia kikombe.

Huku siku zinakwenda. Binti hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kila mgeni alipotoka alikuwa ananitazama usoni, mara moja tu, halafu anakusanya vikombe. Nilianza kuwachukia wageni. Nalisema wazi, niliwachukia, na huku nawatabasamia na kuwasindikiza hadi njiani.

Wa tatu ndiye aliyeniweza. Alikuwa karani mmoja, suruali imenyooshwa pasi, baiskeli ina dinamo na kengele inayolia vizuri, Kiswahili chake cha ofisini hakina hata chembe ya Kinyambo chetu. Mtu wa namna hiyo humpi ndizi na maharage. Nilimchinjia kuku, na firigisi nikamwekea yeye, kama anavyowekewa baba mwenye nyumba. Akala, akafuta vidole kwa leso, akatazama cherehani kwa muda mfupi tu. Hakuuliza mwaka, hakuzungusha gurudumu. "Mama, hii ni yangu. Nenda kaondoe matangazo yako. Jumatatu naleta hela mkononi."

Nilimwamini papo hapo. Mtu wa dinamo ataongopaje? Nilikwenda mwenyewe kubandua matangazo, na kwa jinsi ule uji ulivyokuwa umekauka nilikwangua kwa kisu. Jumapili nikamwomba mwinjilisti atangaze kwamba kitu kimepata mwenyewe. Nikarudi nyumbani nikamwambia binti ajiandae, basi letu ni la Jumamosi alfajiri.

Jumatatu karani hakuonekana. Jumanne alikuja mama mmoja kutoka Rubwera, amesafiri, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, anauliza cherehani. Nikamwambia imeshachukuliwa. Akaniuliza, imeshalipiwa? Nikamjibu kwa kiburi kwamba huku kwetu neno ni neno. Akaondoka na vumbi lake. Jumatano nikamwona karani anapita barabarani. Alipiga kengele, akainua mkono bila kukanyaga breki: "Mama, mambo yamebana kidogo! Alhamisi bila shaka!" Alhamisi nikashinda nimekaa barazani, nimevaa kitenge kizuri. Ahadi ni deni kwa watu wengine. Kwa karani yule ilikuwa salamu ya asubuhi.

Ikaja Ijumaa. Nilipoamka niliona gauni la binti kwenye kamba. Alikuwa amelifua usiku, ameliweka likauke kwa safari ya kesho, bila kuniuliza kama safari ipo. Lile gauni lilinichoma moyo. Nilitamani kulia, na kwa kuwa sikutaka anione ninalia, nikachagua kukasirika. Nilikasirikia kuni, nikakasirikia kuku, nikaikasirikia na mvua ambayo haikuwepo.

Ni katika hali hiyo mtu alitokea kwenye kona ya uwanja. Shati lina viraka, suruali imekunjwa mpaka karibu na magoti, hana viatu, ana kifurushi kidogo kwapani. Alivua kofia. Kwa lafudhi yake nilijua ni wa zile familia zenye asili ya Rwanda, zilizokaa upande wa Kituntu miaka mingi. Watu hao walipita sana kwetu kuomba vibarua vya kupalilia, wao pamoja na Warundi, nasi tulikuwa tumezoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikuwa rika langu, pengine alinizidi. Niliipokea shikamoo yake bila kusita.

"Nimekuja, mama," akasema, akasubiri.

"Jembe liko pale ukutani. Anzia migomba ya chini, na uangalie usikate mizizi ya kahawa."

Akalitazama jembe. Akanitazama mimi. Ilimchukua muda, nikadhani anataka kuniuliza ujira, nikakunja uso zaidi maana ujira wenyewe sikuwa nao. "Ndiyo, mama," akasema. Kifurushi akakiweka barazani, pembeni, akavua shati akalikunja juu yake, akachukua jembe na kushuka shambani.

Alilima vizuri. Sikwenda kumtazama, lakini mtu akilima vizuri unasikia. Saa sita nilimwambia binti ampelekee chakula. Alimpelekea ndizi na maharage juu ya jani la mgomba, akamwekea mwisho wa shamba, kama vibarua wote wanavyowekewa. Mimi nilibaki ndani na shuka langu na cherehani yangu, nikimlaani karani kwa jina la baba yake.

Saa nane akapanda kutoka shambani. Aliliosha jembe, akalirudisha ukutani palepale. Akanawa miguu, akanawa mikono, akavaa shati na kufunga vifungo vyote. Kisha akaja akasimama mbele ya baraza. Nikajua amefuata ujira. Nikamuwahi.

"Baba, leo mambo yamebana kidogo. Njoo Jumatatu bila shaka."

Ndivyo nilivyosema, kwa kinywa changu hiki.

"Haya, mama," akanijibu. "Lakini mimi nilikuja kwa habari ya cherehani. Kama bado ipo."

Binti yangu alikuwa amebeba ndoo ya maji. Aliitua chini taratibu, akakaa kizingitini. Mimi, badala ya kuomba radhi, nikamgombeza. "Sasa kwa nini hukusema? Tangu asubuhi!"

Akasema kwao pia mgeni hasemi shida yake kabla hajakaribishwa kiti. Alikuwa anasubiri kiti. Alipopewa jembe alishangaa, lakini akafikiri. "Sokoni watu wanasema mama amechoshwa na wanunuzi waongo. Nikasema moyoni, labda siku hizi anawapima kwanza kwa jembe."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angekejeli! Ningejua pa kushika.

Nikamwambia kaa, karibu, keti, baba. Nikafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Akakaa ukingoni. Alifungua kifurushi, na ndani ya kitambaa, ndani ya karatasi, hela zilikuwepo. Alisomewa tangazo dukani siku ileile niliyolibandika, akarudi kwao akauza ndama na gunia la maharage, na kuuza kwenyewe kukachukua wiki nne kwa sababu wanunuzi, akasema, wanasumbua sana. Jumapili hakusali kwetu, hivyo hakusikia kwamba kitu kimepata mwenyewe. Mke wake anajua kushona kwa mkono. Wanataka wakae sokoni siku za gulio, pembeni ya marobota, wapunguze mitumba mikubwa na kuziba iliyopasuka. Mimi nilikuwa nimeichukia mitumba miaka yote, na hata siku moja sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayenunua suruali ya mzungu mnene lazima atamtafuta fundi. Niliona wivu kidogo, nao nausema.

Aliomba nimpunguzie mara moja, kwa adabu. Nikapunguza haraka. Aliuliza swali moja tu kuhusu mashine, uzi unapitishwa wapi, nikamwonyesha mara mbili naye akanirudishia kwa kidole bila kukosea. Nikamwambia binti alete chakula, alete kwenye sahani.

"Nimeshakula, mama. Asante."

Hapo nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwambia basi atoe ujira wake wa palizi kwenye bei. Kusema kweli nilitegemea akatae, ili niwe nimetoa bila kutoa. Akasema, "Sawa, mama," akataja ujira wa siku moja kama ulivyojulikana kijijini, bila kuzidisha wala kupunguza. Nikautoa. Hela za ada zikawa mkononi mwangu, na safari ya kesho ikawa ipo.

Alikuwa na baiskeli ya kuazima, ameiacha barabarani kwa jirani. Tuliileta, tukasaidiana kufunga: miguu ya chuma nyuma, kichwa cha mashine kimeviringishwa gunia juu yake, meza ubavuni, vyote kwa kamba za mpira. Binti alishika baiskeli isianguke. Nilipodhani tumemaliza, yule baba akabaki amesimama.

"Mama, niandikie karatasi."

"Karatasi ya nini? Si umeshalipa yote?"

"Ya njiani. Mtu kama mimi, na cherehani." Akaonyesha kwa mkono njia ya Kituntu.

Wiki nne nzima nilikuwa nauliza kila jirani kama siku hizi kuna mtu wa kuaminika. Nilichukua daftari jipya la binti, la shule, nikachana ukurasa wa katikati, nikaandika: Mimi, mkazi wa Bugene, leo nimemuuzia cherehani yangu ya miguu bwana… Kalamu ikasimama. Alikuwa ameshinda kwangu tangu asubuhi, na jina lake sikuwa nimemuuliza. Nikamuuliza. Alinitajia majina mawili polepole, akarudia bila kuombwa, akasubiri niandike yote mawili.

"Na hapo mwisho, mama, weka kwamba hakuiiba."

Nikamwambia hiyo haina haja, nimeshaandika nimemuuzia, maana yake ni hiyohiyo. Nilimwambia hata mjinga ataelewa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Weka tu, mama."

Nikaweka. Nikatia sahihi. Hakujua kusoma, akaomba asomewe, na miwani yangu ilikuwa imelowa, nikampa binti. Alisimama wima pale uwanjani, mwanafunzi wa sekondari, akaisoma kwa sauti tangu mwanzo. Alipofika kwenye maneno yale ya mwisho alisita kidogo, akayasoma. Hakumtazama yule baba. Alinitazama mimi.